Nilisema Nimekuzaa Mimi

Ipuli, Tabora

Mkwe wangu Goreti,

Salamu nyingi kwako na kwa wazazi wako hapo Rumonge. Sisi wazima. Karanga zako zimezaa vizuri, ila sijazing'oa, nakungoja.

Mumeo Octavian ameulizia tena habari za kibali chako cha ukaazi. Anasema upite ofisi ya mpakani, pasipoti yako igongwe muhuri, wala usifuate njia za panya hata ukiambiwa ni karibu. Cheti cha ndoa kibaki mkononi mwako, wao wape nakala kivuli. Na ujibu ulichoulizwa tu, usifanye kama mimi.

Siku ile afisa wa uhamiaji alipouliza huyu ni nani, ningesema ni mke wa mwanangu, katoka Burundi, yangeisha. Lakini kwetu mke wa mtoto akishaletwa nyumbani haitwi mgeni mbele za watu. Ni kumtukana. Nikasema nimekuzaa mimi, hapa hapa Ipuli, naye akaandika. Ukaonekana mwongo wewe, uliyenyamaza kwa kuniheshimu, ukarudishwa kwenu.

Majirani wakiuliza, nasema umekwenda kumuuguza mama yako. Kwenye nyumba ya ibada nakaa benchi la nyuma.

Sasa Octavian amenifundisha la kusema safari hii: "Huyu ni mgeni, raia wa Burundi." Nimelikariri jikoni mpaka linatoka bila kukwama. Siku hiyo nikilisema, tafadhali mwanangu, usinitazame.

Ni mimi mama yako,
Marcelina