Uzi Mwekundu Ndani ya Ukosi

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji na watoto wote. Goti linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo ndio unanisumbua, na si wa kupeleka kwa daktari.

Nilipokupigia simu kwamba nimefanywa msimamizi pale kwa dobi, ulipiga vigelegele mpaka shemeji akauliza kuna nini. Sikukueleza nafasi ilipatikanaje.

Pale kila mpiga pasi ana rangi yake ya uzi. Ukimaliza nguo unashona nukta moja ndani ya ukosi, ili ikirudi na kasoro ijulikane ni mkono wa nani. Mimi kijani. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Mama Vicheko, nyekundu. Huyo alikuwa akinitania kutwa kwamba siku nikifa nitafufuka kidogo nihakikishe sanda imenyooshwa.

Miezi mitatu iliyopita koti la bwana harusi mmoja lilirudishwa limeungua mgongoni, alama ya pasi imekaa kama unyayo. Ndani ya ukosi, uzi mwekundu. Bosi alimwambia Mama Vicheko ashukuru hafukuzwi, akampeleka kwenye mabeseni ya kufulia. Usimamizi, ambao kila mtu alijua ni wake, nikapewa mimi.

Juzi wakati wa chai akanivuta pembeni. Akaniambia amefikiri sana na sasa anakumbuka: siku ile alipokea simu ya mwanawe, bila shaka ndipo aliposahau pasi juu ya koti. Akasema haiamini tena akili yake, hata akitoka nyumbani anarudi mara tatu kutazama kama amezima jiko. Hacheki tena, dada. Akaniomba, kwa kuwa mimi ni mtu wa sala, nimwombee Mungu amrudishie umakini. Nami nikamshika mikono, nikafumba macho, nikamwombea.

Dada, koti niliunguza mimi. Nilichukua sindano yake, nikashona nyekundu, nikalikunja alama ikaingia ndani. Haikuchukua hata dakika mbili. Nilijiambia naogopa kufukuzwa, nina watoto wa kusomesha. Si kweli. Bosi hafukuzi mtu kwa koti moja, mbona Mama Vicheko hakumfukuza? Nilichoogopa ni kuonekana nimekosea, mimi ambaye tangu utotoni mnanitolea mfano. Kukosea mbele za watu sikuwahi kujifunza. Najifunza sasa, na mvi zangu hizi.

Kesho asubuhi, kabla pasi hazijapata moto, nitasema. Kwake kwanza, kisha kwa bosi na wenzetu wote. Barua hii naitia posta leo hii kwa sababu najijua: nikibakiza mwanya, nitarudi nyuma.

Atanitukana, na ana haki. Asiponisamehe pia sitalalamika. Ninachotaka ni asikie kwa mdomo wangu kwamba siku ile hakusahau chochote. Alizungumza na mwanawe, akakata simu, akarudi kwenye meza yake, na pasi yake ilikuwa imesimama pale pale alipoiweka.

Nisalimie wote hapo. Mniombee, lakini muanze na yeye.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye.