Ligi ya Majitu, Nyumbani na Ugenini

Kathonzweni

Kwa ndugu yangu Mbaluka,

Bwana asifiwe. Je, kifua kilipoa? Huku sisi ni wazima, na ndengu zimekubali.

Ule mchezo wa mezani uliotufundisha, mpira wa majitu, wa kurusha dadu na kusogeza vinyago ubaoni, umefika mpaka kanisani. Pasta alidhani dadu ni kamari. Alipoona hakuna pesa, akaomba timu! Sasa wamenipa mimi kazi ya kupanga ligi. Wengine walitaka mtoano, ukifungwa umetoka. Nimekataa. Kila timu itacheza na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, na mwenyeji apike chai.

Wewe na kaka Kyule ndio mtakaofungua, kwake. Ndiyo, nimepanga makusudi. Tangu tumzike mama hamjakanyagiana mlango, na nimechoka kuwaombea kila mtu kivyake.

Nilipompelekea Kyule ratiba alinuna. "Huyo hawezi kuja," akasema. "Anaogopa majitu yangu." Lakini jana nilimkuta akipaka ubao rangi ya kijani, na kile kiti chako kilichovunjika amekitia mguu mpya.

Tafadhali nijibu haraka, nijue kama Jumamosi utakuja.

Dada yako akupendaye,
Mbinya