Ombi kwa Ajili ya Gadi Wekesa

Jumatatu, 1 Julai 1968
Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Amani kwa yeyote wa nyumba hii atakayelifungua daftari hili baada yangu.
Gari la moshi la alfajiri, Molo hadi Nakuru, kwenda kufundisha chuoni. Baridi kali. Wekesa, gadi anayeliruhusu gari kuondoka, aliishusha tena bendera ya kijani, akawangoja akina mama wanaopeleka viazi sokoni. Baadaye akaniambia kwa upole: wakubwa wamechoshwa na kuchelewa, mwezi ukiisha atahamishiwa mbali. Mama yake kipofu yuko Njoro, hana mwingine. Nimehuzunika sana.

Jumatano, 3 Julai
Nimeandika ombi abakishwe. Nimelipitisha katika behewa la daraja la tatu, kiti kwa kiti. Mama Njeri, mwenye magunia kuliko wote, alitia dole gumba la kwanza.
"Akienda huyu, Mwalimu, nani ataningoja? Wewe, na hiyo miguu?"
Behewa zima likacheka. Nami nilicheka.
Kisha Wekesa akaingia. Kuona abiria wake wanaomba jambo, alitwaa kalamu akatia sahihi bila kusoma. Sikuwa na moyo wa kumzuia.

Alhamisi, 4 Julai
Afisi ya reli, Nakuru. Afisa alisoma majina, akainua macho.
"Mzee, huyu amejiombea mwenyewe?"
Nikaeleza. Akatabasamu, akanirudishia karatasi. Hana ugomvi na mapenzi yetu, alisema. Ugomvi wake ni saa.
Nilitoka na hasira. Kufika stesheni ilikuwa imegeuka haya. Sisi tumpendao ndio tunaomchelewesha.

Jumatatu, 8 Julai
Sikuomba sahihi. Nilisimama behewani nikasema niliyoambiwa. Mama Njeri alinuna hadi Elburgon, ndipo akasema:
"Kumbe ni sisi tunamfukuza!"


Jumamosi, 13 Julai
Tangu Jumanne, magunia hupangwa kwenye ukuta wa stesheni kabla ya mwanga, na wenyewe wamekaa juu yake, wamejifunika mablanketi. Leo Wekesa alitazama njia ya sokoni kwa muda, akitafuta wa kumngoja. Hakuna. Akapunga bendera. Tukaondoka kwa saa yake.
Afisa ameniita kwenye dirisha la afisi: Wekesa abaki kwanza.
Alhamdulillahi. Ewe usomaye, Mungu akujalie mtu wa kukungoja, akupe na adabu ya kumuwahi. Aibariki nyumba yako na wote walalao ndani yake. Amina.