Vidonge Alivyoviacha Zuhura

Jumanne, 14 Januari
Nimechagua pojo, nimempa Zuhura vidonge vyake, nimemgombeza. Kila asubuhi ndiyo kazi yangu. Avimeze mbele yangu, afungue kinywa nione. Mjukuu huyu nimemlea tangu mamake afe, najua ujanja wake. Kikohozi kimekwisha. Kanenepa. Ati, "Bibi, mimi nimepona." Nikamwambia, kupona watasema wa kliniki, si wewe.

Jumamosi, 25 Januari
Zuhura kaenda kutawa nyumbani kwa somo wake, Bi Rukia, afundwe na asitoke nje mpaka siku ya harusi yake. Tunawahi kabla ya Ramadhani. Anamwoa Saidi wa Mtongwe, kijana wa watu, ana adabu. Vidonge nimemfungia kwenye leso. Nimemwambia ameze, asinitie hasira. Likoni nzima itajua kwamba naoza mjukuu.

Jumapili, 16 Februari
Harusi imepita. Bi Rukia alimsinga vizuri, akimsugua mwili mzima kwa manukato, ngozi laini, hina imekolea hata ikawa nyeusi. Wanawake walishangilia. Niliringa. Niliringa sana. Miguu inauma.

Jumatatu, 21 Aprili
Saidi kamleta Zuhura. Mifupa mitupu. Anakohoa damu. Nilipomwogesha nikashindwa kujizuia, nikalia.

Nikamuuliza dawa. Kageukia ukuta. Nikamuuliza tena kwa ukali. Ndipo akasema. Dawa zile humtoa jasho jekundu, na mkojo hivyo hivyo. Bi Rukia akimsinga kila siku, angeona. Angejua, na wakwe wangejua. Akaziacha siku ile ile aliyoingia ndani. Baada ya harusi akaona haya kuzianza mbele ya mume.

Mjinga. Mjinga wangu.

Jumatano, 23 Aprili
Kliniki. Muuguzi wa kifua ni kijana wa bara. Kanieleza polepole. Mwili una askari wake, humeza vijidudu na kuviua. Hiki cha kifua kikuu humezwa lakini hakifi. Hukaa humo ndani ya tumbo la askari, hulala au huzaana. Vikijaa hupasua, askari hufa, vyenyewe hutoka. Askari wengine huja kuvimeza, mambo ni yale yale. Mwisho pafu huoza, likatoboka, vikatoka nje kwa kikohozi. Kwa hiyo dawa hunywewa miezi mingi, hata mtu akinenepa.

Nikasema hao ni fukusi. Pojo waiona nzima, kumbe yumo ndani anakula, siku moja atoboa atoke.

"Ndio hivyo, shosho."

"Shosho yuko kwenu. Mimi niite bibi."

Zuhura akacheka. Kicheko kikamletea kikohozi.

Ijumaa, 2 Mei
Kalazwa. Dawa ameanza upya, lakini mapafu yamekuwa matundu. Apumua kwa mtungi wa hewa. Saidi haondoki. Anasema, "Bibi, ningalijua ningalimpa kwa mkono wangu." Namwamini, na hilo ndilo linaloniua.

Leo kaja mamake Saidi. Kaketi kitandani, kamshika Zuhura mguu. "Mwanangu, mbona hukunambia? Hata mimi nilizinywa hizo hizo, Saidi akinyonya."

Nilitaka kumzaba kofi. Na wewe mbona hukusema? Ulipokuja kuposa ulisifu biriani yangu, ukasifu mazulia. Hili ukalimeza. Nami nikalimeza la kwangu. Wote tulikaa pale kwa heshima, tukanywa kahawa.

Alhamisi, 15 Mei
Zuhura amekufa alfajiri. Tumemzika alasiri. Sina la kuandika.

Jumapili, 18 Mei
Hitima. Wanawake jikoni wanasema ni jicho la hasidi, harusi ilikuwa kubwa mno. Mwengine kasema homa. Mimi kimya. Bi Rukia kalia kunishinda, nikamwambia atoke kwangu. Kisha nikamtuma mtu amrudishe, ale wali.

Nguo za Zuhura siwezi kuzigusa.

Jumatano, 4 Juni
Mvua imetulia. Nimeenda bombani. Jirani yangu Mama Kache kaniuliza kwa upole, akiinamisha kichwa, marehemu alikuwa akiumwa nini hasa.

Nikasema, kifua kikuu. Aliacha dawa kwa kuogopa watu. Nilisema kwa sauti, foleni nzima ikasikia.

Maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo. Mama Kache kachukua ndoo yangu, kanifikishia hadi mlangoni.

Nimekoga. Nimekula kidogo. Nimelala mchana.