Nyumba ya Wamaza katika beseni la darasa

Mama Darlène, mshauri wetu wa redio,

Nakusalimu kwa heshima, na naomba unisaidie katika jambo ambalo wazee wenzangu wakilisikia watacheka, kwa sababu linahusu udongo, tena udongo wa watoto wa shule, lakini mimi tangu wiki iliyopita chakula hakipiti vizuri.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja upande wa Wamaza, nikawa karani wa pamba hadi vita vilipotufukuza, na tangu hapo ninaishi hapa Kasongo, ambako nimezeeka bila kurudi, maana kila nilipofunga mzigo habari mbaya zilinitangulia njiani. Nina mjukuu, Hidaya, aliyezaliwa hapa hapa, na surua ilimwondolea macho akiwa bado anatambaa. Jioni, baada ya swala, humsimulia nyumba yetu ya kule, na yeye hunisikiliza akiwa ameshika mkono wangu, akiubonyeza kila anapotaka nirudie.

Shuleni kwao mwalimu wake, Madame Anastasie, ametenga pembe moja ya darasa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, ingawa watoto wote huishia pale pale: kuna sinia la mchanga laini ambamo Hidaya huandika herufi kwa kidole, vifuko vya mahindi na maharagwe vya kuhesabia kwa kupapasa, vipande vya vitenge, kamba za rafia, mkaa wa kuchorea anaoupenda sana Plamedi, mtoto asiyesikia, na beseni la udongo wa kufinyanga lililofunikwa gunia lenye maji. Siku moja Madame akawaambia kila mmoja afinyange kitu cha kwao. Hidaya akaiacha nyumba tunayokaa, akafinyanga ile ya Wamaza, ambayo hajaikanyaga.

Niliitwa nikaione. Mama, nilikaa kwenye benchi la watoto, magoti karibu yaguse kidevu, na mbele yangu palikuwa na baraza letu, jiko lililojitenga, ghala juu ya miguu yake, kizingiti kilichomegeka ambacho mama yangu alikilalamikia hadi anakufa, na njia ya kutoka jikoni mtoto ameitandazia maganda ya ngazi, matunda ya mchikichi, yale yanayobaki watu wakishakamua mawese, kwa sababu niliwahi kumwambia kwamba maganda hayo yalilia chini ya miguu, nasi barazani tukajua chakula kinakuja kabla ya kumwona anayekileta. Kisha akaniuliza, "Babu, ukuta ulikuwa laini ao ulikuwa unakwaruza?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafumba macho, na mkono ukakumbuka: laini hadi kiunoni, mahali mama alipokuwa akisiriba kwa kiganja, na kutoka hapo kwenda juu unakwaruza, na vidole vyake vimeacha mifereji.

Basi nikaanza kwenda darasani kila juma, Madame akaniruhusu kwa heshima ya mvi, na kila nikienda nilisahihisha kidogo, dirisha lishuke, ghala lisogee kushoto, halafu nikaomba nyumba ya jirani, halafu msikiti, halafu njia ya kwenda mtoni, na Hidaya akafanya yote, hadi beseni likabaki tupu na udongo wote wa darasa ukawa kijiji changu. Siku hiyo Plamedi alimega kipande cha msikiti afinyange mbuzi wake. Nilimpigia kelele, Mama, mimi mzee mzima, hadi darasa la jirani wakanyamaza. Hidaya akaangua kicheko: "Babu, Plamedi hasikiake! Kelele yote ile ni ya kwetu sisi!"

Madame hakucheka. Alinitoa nje akaniambia polepole, "Muzee, udongo ni wa watoto wote. Ijumaa tutauloweka, waanze vitu vingine." Nilipomweleza Hidaya nikitumaini atalia pamoja nami, akasema, "Ni sawa, Babu. Nyumba yako niko naijua. Sasa nataka kufanya moto ya Musafiri." Musafiri ni jirani anayempeleka shuleni kwa moto yake, na mtoto anaijua pikipiki ile kipande kwa kipande, tangu kiti kilichochanika hadi bomba lililowahi kumuunguza mguu.

Nimetafuta njia ya kuiokoa nyumba. Mfinyanzi ameniambia kuta nene kama zile zitapasuka motoni. Kijana wangu alipiga picha kwa simu, na katika picha ile sioni kitu isipokuwa matope. Imebaki njia moja: mimi ni wa komite ya wazazi, na direkta wa shule ameniambia, "Neno lako moja tu, Mzee, nyumba haiguswi." Madame amekubali kuahirisha kwa Ijumaa moja ili nisikie kwanza jibu lako. Sina picha ya kwetu, sina mlango wala tofali. Je, niseme lile neno?

Ni mimi,
Mzee Iliasi, Kasongo

*

Mzee Iliasi,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikafuta macho, nikaisoma mara ya pili nikakasirika. Nianze na hasira, maana ndiyo fupi.

Usiliseme hilo neno. Nenda kwa direkta kabla ya Ijumaa, umwambie mwenyewe kwamba Madame ndiye anayeamua juu ya vitu vya darasa lake. Ukimnyamazisha mwalimu yule mbele ya mkubwa wake kwa ajili ya ukuta, kesho mzazi mwingine atataka sinia la mchanga liondolewe kwa sababu linachafua sare, na wewe hutakuwa na mdomo wa kumjibu.

Halafu, baba yangu, umejisikia unavyosimulia? Mjukuu wako alikupa zawadi, wewe ukamfanya mwashi. Dirisha lishuke, ghala lisogee! Mtoto asiyeona ana vidole vya kujifunzia dunia nzima, na kwa wiki zote hizo umevifungia katika kijiji kimoja. Plamedi naye hawezi kukueleza kwa mdomo kilicho moyoni mwake. Mbuzi yule alikuwa maneno yake, na udongo wake ulikuwa msikitini kwako.

Sasa pole yangu. Najua kuondoka mahali bila kuchukua hata kizingiti. Lakini ukuta ule, laini chini na wenye kukwaruza juu, ulikuwa umeupoteza hadi mtoto alipokuuliza. Aliyekurudishia anakaa nyumbani kwako na anakula sahani moja nawe. Akikubonyeza mkono, endelea kusimulia. Mwambie ni nani aliyekaa katika ile nyumba ya jirani, mwambie mama yako alilalamika kwa maneno gani. Hayo hayahitaji beseni.

Ijumaa nenda darasani. Kwanza mtafute Plamedi, mega kipande cha msikiti kwa mkono wako mwenyewe na ukiweke katika mkono wake. Ataelewa hilo kuliko kelele zako. Kabla ya kuvunja, mwombe Hidaya aupitishe mkono wako juu ya nyumba yote, macho yako yakiwa yamefumbwa, tangu barazani hadi jikoni. Kisha mwachie yeye aanze kuvunja, nawe umimine maji. Maganda ya ngazi yatoe, uyaoshe. Hayo ni yako, yaweke mfukoni.

Juma linalofuata mchukue Musafiri na magunia, mwende mahali wafinyanzi wanapochimba, muombe ruhusa, mchekeche kuondoa kokoto zote, mlete udongo wa beseni la pili. Komite yako ina kazi nzuri kuliko kulinda nyumba: mchanga wa sinia unamwagika kila siku, mkaa unaisha, vifuko vinatobolewa na panya, na sidhani Madame ana mtu wa kumsaidia.

Hidaya atakapofinyanga pikipiki yake, usimwambie kioo kinakaa upande gani, hujawahi kuendesha. Akimaliza, weka vidole viwili juu ya kiti, kama abiria, na umuulize kama kuna nafasi ya mzee mmoja anayekwenda Wamaza.

Mama Darlène