Imba, Mkwe, Daktari Yuko Kwenye Simu

Mpendwa Mama Mkwe,

Sijawahi kukuandikia, na ulipokuwa hai sikuwahi hata kukupa mkono. Tuliheshimiana kwa mbali kama desturi inavyotaka. Ukija kumwona binti yako unasimama penye ua, mimi natokea mlango wa nyuma, tunasalimiana kila mtu akitazama kwingine. Chai yangu hukuinywa hata siku moja. Barua imenipa ujasiri, maana hapa hakuna wa kumtazama mwenzake usoni.

Nina habari ya kukuletea, lakini kwanza nikukumbushe lile dirisha.

Ulizaliwa Kirewa, kule Uganda, ukaolewa huku Busia kwa Wasamia, upande wa Kenya, katika nyumba iliyo karibu na mpaka kiasi kwamba simu ikiingia ndani inadhani imefika Uganda. Mtandao wa Kenya ulishika penye dirisha moja tu, tena mpaka mtu asimame nje aishike simu juu. Sukari ilikuwa imekubana, na mguu una kidonda kisichofunga. Hospitali iko mbali na pikipiki ilikuumiza, ndipo Ajiambo, binti yako, mke wangu, akakutafutia daktari wa kuonana naye kwa simu. Yeye ndiye aliyekuwa akikushikia. Lakini asubuhi moja daktari alipiga mapema, Ajiambo bado yuko Majanji, kule ziwani, akinunua samaki wa kuuza, na mtu pekee aliyekuwa karibu nilikuwa mimi, niliyekuwa nikimsubiri nje.

Nilisimama nje, nikapitisha mkono dirishani, uso nikaugeuza.

"Mkwe, uko hapo?" ukauliza.

"Niko, Mama, lakini ninaangalia barabara."

"Angalia hivyo hivyo. Na maskio pia iangalie barabara."

Daktari akakuuliza hali. Ukamjibu kama mtu aliyeulizwa habari za shamba: "Mimi niko salama, daktari. Mguu iko sawa kabisa." Nilishangaa, kwa sababu Ajiambo alikuwa amelia siku iliyotangulia kwa ajili ya mguu huohuo. Kisha nikaelewa. Mama hawezi kuutaja mguu wake mkwe akisikia, sembuse kuufunua. Ungekufa na adabu zako! Nikakohoa, nikasema, "Mama, nikiimba sitasikia kitu."

Halafu ukasema, "Imba, mkwe. Imba na nguvu."

Nikaimba wimbo wa kanisani, ule wa wakati wa sadaka, kwa sauti yangu hii ambayo kwaya iliikataa. Nyuma ya kelele zangu ukafunua mguu, ukasema yote. Daktari akauliza kama kuna kanisa jirani.

"Iko," ukamwambia, "lakini iko na mtu moja tu."

Nilicheka nusura niangushe simu. Tangu siku hiyo hukumtaka Ajiambo tena dirishani, ulinitaka mimi na wimbo wangu. Chai bado hukunywa. Kidonda kikaanza kukauka.

Kilichotushinda ni malipo. Bima ya afya ya serikali, tuliyoichangia bila kukosa, ilimlipia tu daktari uliyemfuata hospitalini. Wa simu tulimlipa wenyewe, na samaki walipoadimika tukaacha. Mguu ukaharibika kuliko mwanzo. Bima iligharamia kuukata, na kitanda, na dawa, wala haikusita. Hilo limenikaa kooni mpaka leo, Mama. Ilikuwa na pesa za kisu, haikuwa na pesa za maongezi. Ulipotutoka nilisimama mbali na kaburi, kama inavyompasa mkwe, na nililia hukohuko mbali.

Sasa habari yenyewe. Ajiambo naye ana sukari. Tangu msimu wa kupanda ana kidonda kwenye kidole cha mguu, na mimi naogopa, sikufichi. Maafisa wa bima walipokuja ukumbini kwa chifu kuchukua maoni ya wananchi, nilikaa kiti cha mbele. Wakasema bima inapanuliwa, itamlipia na daktari wa simu, mradi mgonjwa aende kituo cha afya akaongee naye kutoka pale.

Nikainuka. "Mtu akiweza kufika kituoni, simu ya nini tena?"

Wakaniomba nieleze. Niwie radhi, Mama, nimekutaja mbele za watu. Niliwaeleza dirisha na wimbo, ukumbi mzima ukacheka. Nilipofika kwenye kisu hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Huyo mzee anasema ukweli. Hata mimi nilimdanganya daktari, kwa vile mkwe alikuwa hapo sebuleni."

Ilichukua muda, lakini wamekubali. Bima itamlipia daktari wa simu hata mgonjwa akiwa kwake, na kwa wanaooneana haya, mhudumu wa afya wa kijiji atakuja kushika simu.

Jana daktari alimpigia Ajiambo. Hapa kwetu mtandao unashika vizuri, kwa hiyo tulikaa ndani na simu nikaishika mimi. Ni mke wangu, hatufichani kitu, na hakuna aliyeniomba lolote. Lakini alipoanza kufungua kitambaa cha kidoleni, nilijikuta nimegeukia mlango, naimba. Daktari akasema kidonda kinafunga, kidole kitabaki. Kisha akauliza kama kuna kanisa jirani.

Ajiambo akajipangusa macho. "Lipo," akamwambia. "Ni la mama yangu."

Pumzika, Mama. Leo nimemimina chai kikombe kimoja zaidi, nimekiweka kule penye ua, nami nimeondoka ili unywe kwa nafasi.

Mkwe wako,
ambaye bado anaangalia barabara