Kompyuta Isiyosubiri Mwenzake

Kasongo, Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imeacha, bati la ofisi bado linadondosha maji, na mimi nina hasira ya siku mbili.

Naandika kabla haijapoa. Ikipoa nitaanza kumtafutia Mtaalamu visingizio.

Mtaalamu ndilo jina nililompa. Alishuka kwenye ndege Jumanne na viatu vyeupe, kwenye udongo huu wetu, na ningepaswa kuelewa palepale. Sisi anatuita “watu wa terrain”, watu wa nyanjani, hata tukiwa tumekaa naye meza moja.

Jambo lenyewe si gumu. Tumeletewa friji moja ya sola ya kuhifadhi chanjo. Imo kwenye katoni yake, koridoni. Swali ni kama ibaki hapa Kasongo au iende Wamaza, upande wa Kabambare, ambako chanjo ya surua mara nyingi hufika imeshapigwa na joto njiani. Ili waamue, wakubwa walitaka kompyuta ziigize siku tisini zijazo.

Uigaji huo una nusu mbili. Kompyuta yangu inaigiza ghala la chanjo na pikipiki zinazozibeba. Kompyuta ya Zaina, muuguzi wa takwimu kule Kabambare, inaigiza watoto: nani kachanjwa, nani kaugua. Hazikutengenezwa na mtu mmoja wala haziongei lugha moja. Mimi na Zaina tulimaliza kiangazi kizima tukizifundisha kuelewana, na tukaziwekea kanuni moja: hakuna inayoingia siku ya pili kabla mwenzake hajamaliza ya kwanza na kujibu.

Kanuni hiyo hatukuisoma popote. Tuliitoa kwenye foni, redio ya vituo vya afya. Asubuhi anayeita haondoki hewani mpaka kila kituo kimesema “bien reçu”, yaani kimepokea. Kituo cha Lusangi kikikoroma tu, unakisubiri.

Kusubiri kunachosha, sikatai. Mvua ikinyesha mtandao wa Kabambare unakatika, na uigaji wote unaganda. Siku tisini zilikuwa zinakula karibu kutwa nzima.

Mtaalamu, aliyetumwa kuusimamia uigaji huo, alitazama saa yake ya mkononi, akasema mfumo wetu ni mzito. Akakaa kwenye kiti changu, akaifuta kanuni. Hakuuliza iliwekwa kwa nini.

Alhamisi, mbele ya Daktari mkuu na wakubwa wengine, siku tisini zikapita kabla chai haijapoa. Bila shaka zilipita. Nusu yangu ilikuwa inakimbia peke yake. Nusu ya Zaina ilikuwa bado siku ya kumi na mbili. Kila ilipotuma ombi la chanjo, ombi lilikuta siku yake imeshapita, na kompyuta yangu ikalitupa. Ukutani pakatokea jibu: upande wa Kabambare, maombi sifuri. Friji ibaki Kasongo.

“Mnaona? Kule hakuna shida,” akasema kwa Kifaransa chake kilichopigwa pasi.

Hata mfagiaji wa ofisi hii anajua kwamba Kabambare ikinyamaza ni mtandao, si afya. Lakini mtu amesoma miaka yote ile, anaona kimya, anakiita uzima. Na anajipiga kifua kwa ajili ya mwendo kasi.

Wakapiga makofi, nami nikapiga. Kisha akanigeukia mimi, mwenye kompyuta: matokeo ni sahihi, sivyo?

Nilikuwa nimeyaona maombi yakitupwa, mstari baada ya mstari, kwenye kioo changu.

Nikaitikia kwa kichwa.

Alikuwa ameniahidi mafunzo Kinshasa. Ndiyo sababu yote, sina nyingine ya kuipamba. Nimemdharau Mtaalamu siku mbili, na kumbe bei yangu mimi ni tiketi ya ndege.

Jana Zaina, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, akapiga simu. “Yaya Faida, mashini yangu iko inaomba chanjo tangu jana, hakuna mutu anajibu. Ni rezo, ao ni ninyi?”

Nikamwambia ni rezo, ni mtandao tu.

Akasema, “Basi tungojee. Watoto ya dada yangu wako Wamaza, unajua.” Ninajua. Nimewahi kula ugali kwenye nyumba ile.

Leo saa moja asubuhi nikafungua ofisi peke yangu, nikairudisha kanuni. Nikampigia Zaina, nikamwambia ukweli kuhusu Alhamisi. Akasema, “Anzisha.” Tukaanza. Saa tano mvua ikatukata tukiwa siku ya arobaini, tukasubiri. Kila nikipiga simu ananijibu neno moja tu, “Bado,” bila Yaya. Hilo liliniuma kuliko matusi. Tulimaliza saa tisa. Friji ikibaki hapa, surua inaingia Wamaza wiki ya tano, na chanjo inayofika huko kwa pikipiki haiwezi kuizuia. Ni watoto wa kwenye kompyuta. Lakini wa kweli wana anwani ileile.

Nikaipeleka karatasi ya matokeo mpaka nyumbani kwa Daktari. Akaisoma akiwa amesimama mlangoni, mara mbili.

“Na siku ya Alhamisi ulikuwa wapi, Mama Faida?”

“Nilikuwa pale, Daktari. Nilipiga makofi.”

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Akanirudishia karatasi. “Siku ya kwanza, mbele ya watu wote, na yeye akiwa pale, utasema vile vile uliniambia. Ukiacha ile neno ya makofi, watauliza kwa nini karatasi imebadilika, na friji itabaki hapa.”

Siku ya kwanza ni Jumatatu. Tangu nirudi nimekaa na kalamu kuandika nitakachosema. Nimeandika mara nne, na mara zote nne sentensi ya kwanza inaanza na Mtaalamu: viatu vyake, saa yake, Kifaransa chake. Zote ni kweli, na zote nimezichana.

Ya tano inaanza hivi: “Niliona, nikanyamaza.” Nimeisoma kwa sauti. Jumatatu itabidi niisome nikimtazama Daktari, na Zaina akisikiliza kwenye simu.